Mkungu wa Shukrani

Mkungu ule mama mdogo aliuchagua ukiwa bado unaning'iniza ua lake jekundu. Alisimama mbele ya mgomba, mikono kiunoni, akautazama kama mtu anayetazama kitambaa cha gauni dukani, halafu akasema, "Huu hauliwi. Huu una safari." Akakata mti wa mkaratusi, akautegemeza mgomba upande unaoelekea bondeni, maana kwetu Bulyaga, hapa Tukuyu, mvua ikishuka pamoja na upepo wa mlimani haiondoki bila kuangusha kitu.

Mama mdogo ni mdogo wake mama aliyenizaa. Mama alifariki mimi sijaanza hata kutambaa, kwa hiyo mama ninayemkumbuka ni huyu. Yeye mwenyewe hakuzaa. Nilimwita mamdogo, naye aliniita "gwe mwana", yaani we mtoto kwa Kinyakyusa, hata nilipokuwa nimempita urefu na inabidi anyanyue kidevu kunigombeza.

Tulikuwa na migomba nyuma ya nyumba na kishamba cha chai tulichochuma wenyewe. Mimi nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kunyamaziwa, basi nikarudi kwenye chai na kwenye meza yangu ya maandazi Msasani, hii ya kwetu Tukuyu, si ile ya Dar es Salaam. Lakini sikuona kwamba mambo yangu yameisha. Nilitaka kuwa mtangazaji wa redio. Bado nataka. Tukiwa shambani, vikapu mgongoni, nailoni tumejifunga kiunoni kuzuia umande, mimi natangaza.

"Hii ni Redio Mgomba, ikikutangazia kutoka Bulyaga. Habari kwa ufupi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye choo cha jirani, na jirani mwenyewe hajulikani aliko."

"Nipo!" jirani anaitikia kutoka mstari wa pili. "Na hicho choo ukitangaze vizuri, kina mlango mpya."

Mama mdogo alikuwa anacheka mpaka anashika kichaka cha chai asianguke. "Weka na michezo," anasema. Sikuwa najua chochote kuhusu michezo. Nilibuni timu, nikabuni na magoli.

Sasa, safari ya ule mkungu ilianza kwenye banda la chai, pale tunapopeleka majani yakapimwe uzito. Siku moja walikuja watu wa afya. Nadhani waliona pale ndipo wanawake tunapokusanyika bila kuitwa. Nesi mmoja alipanda juu ya kreti akaeleza habari ya kansa ya mlango wa kizazi. Alisema inaletwa na kirusi kinachoitwa HPV, na kwamba karibu kila aliyewahi kulala na mtu hukutana nacho bila kujua. Kwa wengi mwili unakifukuza wenyewe. Kwa baadhi kinakaa, miaka inapita, kinaigeuza nyama ya pale mlangoni polepole mpaka inakuwa kansa. Kipimo walichokuja nacho kilikuwa kijiti chenye pamba. Unaingia nyuma ya pazia, unajichukulia mwenyewe, unakirudisha kwenye kichupa, kinapelekwa Mbeya.

Jirani, yule wa choo chenye mlango mpya, aliuliza, "Hicho kijiti kirefu kiasi gani?"

Nesi akakiinua juu.

"Ah! Hicho? Mimi nimezaa mapacha."

"Basi tangulia, mama mapacha."

"Hapana, atangulie huyu wa soprano," akamsukuma mama mdogo. Wote wawili walikuwa kwenye kwaya ya kanisa, mama mdogo sauti ya kwanza, jirani alto, na walisukumana hivyo tangu usichana wao. "Kikiuma atapiga kelele, tutajua na sisi tukimbie."

Mama mdogo akaingia nyuma ya pazia. Akatoka anaimba, ile sauti ya juu kabisa, na banda zima likapiga makofi. Siku ile walichukua waliovuka miaka thelathini tu, kwa hiyo mimi nilibaki kushika vikapu.

Usione alivyotoka akiimba ukadhani hakuogopa. Mama yake, bibi yangu, alikufa kwa kile walichokiita ugonjwa wa tumbo. Alitoka damu, akakonda, na mwisho watu walikuwa wanamsalimia wakiwa uani kwa sababu ya harufu ndani. Mama mdogo ndiye aliyekuwa anamwosha, akiwa msichana. Hakupenda kuisimulia. Ila nilijua kwamba kila alipoumwa tumbo kidogo tu, alikuwa ananyamaza kwa namna ambayo haikuwa ya tumbo.

Majibu yalipokuja, nesi alirudi bandani, akamwita kila mmoja pembeni. Mama mdogo alinivuta mkono nikasimame naye. Nesi akasema, "Mama, hujakutwa na kirusi. Uko vizuri. Ila siku yoyote ukiona damu isiyo ya kawaida, usingoje, njoo utazamwe." Nusu ya pili ya maneno yale ilipita kama matangazo ya mwisho wa ibada, watu wameshasimama. Mama mdogo alikuwa amejifunika uso kwa kanga anasema, "Ndaga. Ndaga fijo," asante, asante sana. Sikujua kama anamwambia nesi au Mungu.

Wiki ile ndipo alipouchagua mkungu.

Kwetu mtu akitendewa jema halifichi. Anapeleka sadaka ya shukrani kanisani, kuku, viazi, maparachichi, chochote alichojaliwa. Mzee wa kanisa anakuita mbele, anakuuliza unashukuru kwa lipi, unasema kila mtu asikie, na kwaya inakusindikiza kwa wimbo. Ibada ikiisha vitu vinanadiwa nje, kwa vicheko na masihara. Ukishasimama pale ukasema, neno lako limekuwa la kanisa zima. Watu wanakukumbuka kwalo. Utasikia, yule aliyeshukuru kwa mwanawe kurudi, yule aliyeshukuru kwa ng'ombe.

Mama mdogo alisubiri mkungu ukomae. Jumapili ile aliutia kichwani mwenyewe, akakataa nimsaidie, akaingia nao huku anacheza. Mzee wa kanisa akamuuliza. Akasema, "Nilipimwa kansa ya kizazi. Sina. Mama yangu alikufa nayo, akafa hajui hata jina lake. Mimi Mungu wangu, Kyala, amenipitisha." Kwaya ikalipokea lile neno, vigelegele vikapanda, na mimi mtangazaji mzima nikalia mpaka nikakosa leso.

Nje jirani aliununua ule mkungu, halafu akaurudisha. "Nadini tena! Huu si wa kununuliwa mara moja." Ukanadiwa mara ya pili. Mama mdogo akawa anaruka kama msichana.

Nimeieleza siku ile kwa kirefu kwa sababu bila hiyo hutaelewa yaliyofuata. Utasema alikuwa mjinga, na mama mdogo hakuwa mjinga hata kidogo.

Mvua kubwa zilizofuata ndipo nilipoona kwamba ameanza kufua kanga zake mwenyewe. Kufua kulikuwa kazi yangu. Nikamkuta bombani ameinama, maji ya beseni mekundu.

"Mamdogo, damu hii ya nini?"

"Ya kuaga. Umri huu hedhi inaaga, inarudi, inaaga tena. Kama mgeni wa Kinyakyusa, amesimama mlangoni saa nzima anasema naondoka."

Nilicheka. Alikuwa anachekesha kweli. Lakini wiki zilipita na yule mgeni hakuondoka. Nikamwambia twende hospitali, Makandana si mbali, tukaulize tu.

"Nikaulize nini? Nilipimwa."

"Nesi alisema ukiona damu..."

"Gwe mwana, nilisimama mbele ya kanisa zima nikasema sina. Mkungu ukanadiwa mara mbili, watu wakala. Leo niende nikakae kwenye benchi la hospitali, apite mtu wa kanisani aniulize naumwa nini, nimtajie kile kile nilichokishukuru?"

"Kwani Mungu atakurudishia mkungu?"

Hakucheka. Akakamua kanga, akaikung'uta, akaitundika. Halafu akasema taratibu, bila hasira, "Ukishamshukuru mtu kwa alichokupa, halafu ukaenda kwa jirani kuuliza kama kweli amekupa, hiyo inaitwaje?"

Nikachukua beseni nikamwaga yale maji mekundu. Hata leo ningeulizwa vile, na yeye ananitazama vile, sijui ningesema nini.

Niliendelea kumwambia. Nilimwambia kwa utani, nilimwambia kwa redio, nikatangaza kwamba wanawake wote wa Bulyaga wenye jina la mamdogo wanaombwa kufika hospitali bila kukosa. Alisema redio hiyo ina mawimbi mabovu. Akaanza kuumwa mgongo, akasema ni kikapu. Akakonda, akasema ni kwaresima, na kwaresima ilikuwa imepita. Kanisani akahama mstari wa mbele wa kwaya akasimama nyuma, ukutani.

Jirani naye akahama akamfuata.

Jumapili moja kwaya ilikuwa imesimama, majoho meupe yenye ukosi wa zambarau, wimbo umefika katikati. Nilikuwa nimekaa upande wa vijana na nikaona doa. Kabla sijasimama, jirani aliifungua kanga yake aliyojifunga juu ya joho, akamzungushia mama mdogo kiunoni, akafunga fundo, akamshika mkono wakatoka kwa mlango wa pembeni. Muda wote ule alikuwa anaimba. Alto haikukatika mpaka walipovuka kizingiti. Waliokaa mbele nadhani hawakujua hata kama kuna kitu kimetokea.

Nilipowakuta nje, mama mdogo alikuwa amekaa kwenye ngazi. Jirani, mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema sentensi bila mzaha ndani yake, alimwambia, "Dada. Leo hatujadiliani."

Kesho yake tulikwenda Makandana, sote watatu.

Nesi wa hapo alimwingiza ndani, na hakukaa naye muda mrefu. Alipotoka alikuwa amevua glavu na ameshika mkono wa mama mdogo kwa mikono yake miwili. Akamwuliza damu ilianza lini. Mama mdogo akasema, "Lakini nilipimwa. Sina kirusi." Alilisema vile mtu anavyolisema jina lake getini akijua ni lazima afunguliwe.

"Nakuamini, mama," nesi akasema. "Lakini kuna uvimbe. Nimeuona kwa macho. Lazima uende Mbeya."

Mbeya wakamkata kipande kidogo, na jibu likawa lile ambalo nesi aliliona kwa macho. Kansa, na ilikuwa imeshatoka mlangoni ikaelekea kwenye kibofu. Mama mdogo aliwaambia wote, daktari, wauguzi, hata mama aliyekuwa anapiga deki, kwamba alipimwa na hakuwa na kirusi. Hakuchoka. Daktari wake, kijana mpole mwenye kuongea kwa sauti ya chini, mwishoni akasema, "Mama, ukiniruhusu tutakitafuta kirusi chenyewe ndani ya kile kipande. Tunataka kujua, wewe na sisi." Akaruhusu.

Lile jibu lilichelewa. Kabla halijafika alishapelekwa Dar es Salaam kwenye mionzi, mimi na yeye kwenye joto lile tusilolijua, akawa anaomba blanketi kwa mazoea tu, amelikunja miguuni. Mionzi ilipunguza damu. Haikupunguza kilichokuwa kimeshasogea. Tuliporudi Mbeya kuonana na daktari, ndipo alipotukalisha.

"Kirusi kipo," alisema. "Ila si kati ya vile ambavyo kile kipimo cha bandani kilikuwa kinatafuta."

Mama mdogo akanyanyua kidevu. "Kwani viko vingapi?"

"HPV ni ukoo mkubwa, mama. Hawana majina, wana namba. Wengi hawana neno. Kuna kundi la wabaya, na wawili ndani ya kundi hilo ndio wanaoleta sehemu kubwa ya kansa hii. Kipimo kimetengenezwa kuwatafuta hao wabaya wanaojulikana. Lakini wako wengine wa nadra. Mara nyingi wanapita tu. Mara chache, mmoja wao anakaa, na anafanya kazi ile ile ya wabaya. Wako wewe ni wa hao wa nadra."

Akataja namba yake. Mimi sikuishika. Niliona ni kitu kidogo mno, namba tu, kwa jambo kubwa namna ile.

"Kwa hiyo kipimo kilinidanganya."

"Hapana. Chukulia mlinzi wa getini. Amepewa picha za wezi sugu. Akimwona mmoja wao anapiga filimbi. Sasa anakuja mwizi ambaye picha yake hana. Mlinzi anafanyaje?"

"Anamsalimia," mama mdogo akasema.

"Anamsalimia."

"Na geti anamfungulia."

"Na geti anamfungulia, mama."

Mama mdogo akacheka. Alicheka kweli, kama shambani, akashika ukingo wa meza ya daktari. Halafu akasema, "Na mimi nikampelekea mlinzi mkungu wa ndizi," na kicheko kikamgeukia mdomoni.

Nilimwuliza daktari kwa nini basi watu wapimwe, kama mlinzi ndiye huyo. Niliuliza kwa ukali, mimi ambaye sina ukali. Hakukasirika. Alisema wezi wengi ni wale wa kwenye picha, na mlinzi anaokoa nyumba nyingi sana kila siku ambazo hatuzisikii kwa sababu hazikuibiwa. Alisema chanjo wanayochomwa mabinti shuleni nayo inawazuia wale wabaya zaidi, na wachomwe wote. "Ila mlinzi akisema ni salama, na wewe unasikia vyombo vinaanguka ndani, huendi tena kumwuliza mlinzi. Unaingia ndani na taa. Damu ndiyo vyombo kuanguka. Hata kama umepimwa jana."

Mama mdogo alikuwa anatazama mikono yake. Njia nzima kurudi Tukuyu aliitazama hivyo hivyo.

Nyumbani tuliweka kiti chake dirishani, upande wa migomba. Nesi wa Makandana alikuwa anapita na dawa ya maji ya maumivu, na ikimshika vizuri mama mdogo alikuwa anarudi kuwa yeye kwa muda. Jirani alimwogesha. Sikumwomba. Alikuja siku ya kwanza na beseni lake, akasema, "Toa hilo sura lako la msiba hapa, kachume chai," akafunga mlango. Na hakuna aliyemsalimia mama mdogo kutoka uani. Jirani aliwaingiza wote ndani, mmoja mmoja, akawakalisha karibu.

Mchana mmoja mama mdogo aliniambia, "Leo hakuna redio?"

Nikasimama. "Hii ni Redio Mgomba. Habari kwa ufupi. Bei ya maandazi Msasani haijapanda. Kuku wa jirani amekutwa jikoni kwetu, anahojiwa."

"Na huyu mgonjwa wa dirishani, hali yake ikoje?"

"Taarifa kamili bado hazijatufikia."

"Mtangazaji aseme ukweli."

Nilitaka kukaa. Alinitazama, akangoja, vile anavyongoja mtu aliyewasha redio na hana haraka. Basi nikasema kwa ile sauti ya redio, kwa sababu kwa sauti yangu nisingeweza. "Mama mdogo wa Bulyaga anaumwa sana. Madaktari wamefanya walichoweza. Hatapona. Binti yake yuko naye. Binti yake hajui atakaa na nani."

Nje majani ya migomba yalikuwa yanapigana kwa upepo.

"Umetangaza vizuri," akasema.

Baadaye, dawa bado imemshika, ndipo alipotoa lililokuwa linamla kuliko kansa yenyewe. "Nilidanganya kanisani?"

"Ulisema ulichoambiwa."

"Watu walicheza, mwanangu."

"Na mimi nilicheza."

"Wale tuliopimwa pamoja, wengi walishukuru baada yangu. Nilianza mimi, wakafuata. Jirani alileta jogoo." Akapumzika. "Sasa wataniona nazikwa. Wengine watasema kipimo ni uongo, hawatapima tena. Wengine watatokwa na damu watanyamaza kama mimi, kwa sababu walishasimama pale wakasema." Akaonyesha dirishani kwa kidole kilichobaki mfupa. Mgomba ule wa kwanza ulishakatwa zamani, ila chipukizi lake lilikuwa mgomba kamili, na mkungu umechomoza, ua jekundu chini. "Huo nao una safari. Upeleke wewe."

"Nishukuru kwa lipi, mamdogo?"

"Mtangazaji ni wewe."

Alifariki asubuhi, siku ambayo jua lilitoka baada ya mvua nyingi na kila nyumba ilikuwa inaanika. Kwenye mazishi kwaya iliimba wimbo ule ule wa siku ya mkungu. Sauti yake ya kwanza hakuna aliyeichukua. Walikuwepo wengine wa soprano, wangeweza, lakini ilipofika pale anapopanda peke yake wote walinyamaza, wakaliacha pengo, na wimbo ukaendelea upande wa pili. Sijui kama walipanga. Nilimwona jirani anafungua mdomo kujaribu, haikutoka.

Nilirudi kwenye chai. Nilijaribu kutangaza mara moja, nikiwa peke yangu mstarini. Nilisema "Hii ni Redio" nikaishia hapo.

Mkungu ulipokaribia kukomaa, nilikwenda Makandana. Niliogopa, sitaki kujifanya. Nesi yule yule alinipokea. Safari hii hakukuwa na kijiti, walipaka siki kwenye mlango wa kizazi, maana penye kasoro hugeuka peupe, wakatazama kwa taa. Niliiwaza ile taa ya daktari. Nesi akasema hakuna alichoona. Akanitajia wakati wa kurudi. Halafu akasema lile la damu, na mimi nikamwambia, "Rudia." Akarudia. Nikamwambia tena, rudia, akanielewa, akanivuta akanikumbatia pale pale na aproni yake.

Jumapili nikaubeba mkungu. Ni mzito, jamani. Nilipomwona mama mdogo anacheza nao kichwani sikujua kwamba ni mzito kiasi kile. Sikucheza. Nilifika mbele nikautua, shingo inauma, mzee wa kanisa akanipa kipaza sauti. Ndoto yangu yote tangu utotoni ilikuwa kushika kile kitu mbele ya watu wengi.

"Binti yetu anashukuru kwa lipi?"

Ile sauti ya redio haikuja. Ikaja hii yangu.

"Mama mdogo alisimama hapa akasema amepimwa na hana kirusi. Hakudanganya. Kile kipimo kilitafuta wale wanaojulikana, na wake alikuwa mwingine, wa nadra. Daktari alimweleza, akaelewa, akacheka." Nikasikia mtu anakohoa nyuma. "Alipoanza kutoka damu hakurudi hospitali, kwa sababu alishawaambia ninyi kwamba ni mzima. Aliona aibu kwenu. Na kwa Mungu. Mimi nimepimwa juzi. Sijaonekana na kitu. Nashukuru kwa hiyo juzi. Keshokutwa nikiona damu nitarudi, na naomba mkinikuta kwenye lile benchi msiniulize mbona ulishukuru. Nisalimieni tu."

Nilikuwa nimepanga na mengine. Yaliniishia. Kwaya ilitakiwa iniitikie na wimbo, ikakawia, mpiga kinanda akatazama huku na huku. Nikabaki nimeshika kipaza sauti, nalia, na kinapeleka kilio chote kwenye spika mpaka mzee wa kanisa alipokichukua taratibu mkononi mwangu.

Nje mnada ulianza na kuku, watu wakachangamka kidogo. Ulipofika mkungu wangu, mnadi ilibidi autaje mara mbili. Halafu mtu akataja bei, mwingine akaongeza, bila masihara. Mimi nilikwenda kusimama nyuma ya kanisa, kwenye zile ngazi za mlango wa pembeni.

Jirani akaja akakaa ngazi ya chini yangu. Joho lake bado hajalivua. Alikaa muda mrefu anavunjavunja unyasi.

"Mama mapacha," nikasema. "Hununui mkungu?"

"Acha wanunue wenye meno." Halafu, bila kunitazama, "Yule jogoo wangu. Unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

"Alikuwa mkubwa."

"Alikuwa mkubwa sana."

Akavunja nyasi nyingine. Mkono wake ulikwenda kwenye fundo la kanga iliyofungwa juu ya joho, akalikaza, akalikaza tena, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini amekaa ngazi ya chini, mgongo ukutani.

"Damu tangu lini?" nikamwuliza.

"Kesho unanipitia saa ngapi?" akasema.